Namna ya kuwafundisha wapenda nyota kupima giza la usiku

Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Christopher Kyba na wenzake, na ushahidi wao mkubwa ulikuwa macho ya watu wa kawaida. Kati ya mwaka 2011 na 2022 watu hao walitoka nje usiku, wakatazama nyota, wakalinganisha walichokiona na chati, kisha wakatuma jibu kwa mradi wa Globe at Night. Majibu yalifika 51,351. Hesabu ikaonyesha kwamba anga la usiku, katika maeneo hayo kwa wastani, lilikuwa likizidi kung'aa kwa asilimia 9.6 kila mwaka. Kwa kasi hiyo, mtoto aliyezaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akifikisha miaka 18 ataona kama 100 tu akiwa palepale.

Setilaiti hazikuliona ongezeko hilo lote. Vifaa vyake haviioni vizuri rangi ya bluu, ambayo taa nyeupe za LED huitoa kwa wingi. Tena vinatazama kutoka juu, ilhali mwanga wa madirisha na mabango ya biashara hutoka ubavuni. Kwa hiyo shahidi anayehitajika ni binadamu aliyesimama chini. Mashahidi wengi wa utafiti ule walikuwa Ulaya na Amerika Kaskazini. Kwetu ni wachache mno, na miji yetu inakua haraka. Kila mwaka unaopita bila kipimo, hali ya mwaka huo hatutaweza tena kuijua.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuziba pengo hilo kwa kufundisha wengine: mwalimu wa fizikia au jiografia, mlezi wa klabu ya shule, au mwenye darubini ambaye majirani humjia kuuliza habari za nyota. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam na pwani ya Tanzania. Aliyeko Mombasa, Kigali au Bujumbura atabadilisha saa tu, kazi ni ileile.

Nina msimamo mmoja ambao utauona kote: anza na macho na daftari, kifaa kije baadaye. Mtu aliyepewa kifaa siku ya kwanza hujifunza kubonyeza kitufe. Aliyeanza na macho, kifaa kikimpa namba isiyowezekana, atajua papo hapo kwamba kuna kasoro.

Kuchagua usiku

Mwezi ukiwa juu, mwanga wake hufunika kila kitu, kwa hiyo vipimo vyote hufanyika mwezi ukiwa umezama au haujachomoza. Watu wa pwani wana kalenda nzuri ya kazi hii, nayo ni ya mwezi mwandamo. Ukitaka kufundisha mapema usiku, chukua siku kuanzia tarehe 20 hivi ya mwezi mwandamo hadi tarehe 2 ya mwezi unaofuata. Katika siku hizo, saa za mwanzo za usiku hazina mwezi kabisa. Ukikosa kalenda, waulize wavuvi wa dagaa. Wao huingia baharini wakati wa giza na hupumzika wakati wa mbalamwezi, kwa hiyo wanajua bila kufungua simu.

Hata bila mwezi, jua likizama lazima usubiri. Giza kamili huingia pale jua linapofika nyuzi 18 chini ya upeo, na kwetu karibu na ikweta hilo huchukua saa moja na robo hivi tangu machweo. Dar es Salaam mwezi Juni unaweza kuanza saa moja na nusu usiku. Mwezi Februari, jua linapochelewa kuzama, subiri hadi saa mbili na robo. Kigoma ongeza dakika 40 hivi, kwa sababu jua huzama huko baada ya Dar. Anayeanza kupima baada tu ya swala ya magharibi atapima mabaki ya mchana.

Masika na vuli hukatisha tamaa, lakini tumia miezi hiyo kufundishia ndani. Majira mazuri ya nje ni Juni hadi Septemba. Angalia tu moshi wa mashamba yanayochomwa: moshi hutawanya mwanga wa mji na kuurudisha chini, na hapohapo hufifisha nyota. Usiku wa moshi uandikwe hivyo, au uahirishwe.

Somo la kwanza: jicho

Wakusanye wanafunzi mahali pasipo na taa inayowapiga usoni. Simu zote ziingie mfukoni. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kioo cha simu kikiwaka mara moja tu, hesabu inaanza upya. Tochi ya kuandikia iwe nyekundu na hafifu. Karatasi nyekundu ya plastiki ikikunjwa mara mbili au tatu mbele ya tochi inatosha.

Tumia dakika hizo kuwafundisha kutazama kwa pembeni. Chagua nyota hafifu, mwambie mwanafunzi aielekeze macho moja kwa moja, kisha ahamishe macho kidogo kando yake huku akili ikibaki kwenye nyota. Ghafla nyota iliyopotea hurudi, kwa sababu pembeni mwa jicho ndiko kuliko na chembe zinazoona gizani. Wengi hushangaa. Waache warudie hadi wazoee, kwa sababu tofauti kati ya anayejua jambo hili na asiyejua huonekana wazi kwenye matokeo.

Kisha eleza magnitudo, yaani daraja la mwangaza wa nyota. Namba ikipanda, nyota ni hafifu zaidi. Hatua moja ni tofauti ya mara 2.5 hivi ya mwanga, na hatua tano ni mara 100 kamili. Kwenye giza safi jicho zuri hufika magnitudo 6 na zaidi kidogo. Katikati ya jiji huishia 3, pengine 2.

Somo la pili: chati

Globe at Night hutoa chati za kundinyota moja zikionyesha hali tofauti za anga, kuanzia anga lenye nyota chache za magnitudo 1 hadi lenye nyota tele za magnitudo 7. Mwanafunzi hutafuta chati inayofanana zaidi na anachokiona, basi. Mradi huu ulianza mwaka 2006 na leo unaendeshwa na NOIRLab, kituo cha utafiti wa nyota cha Marekani.

Hapa kwetu chagua kundinyota kwa makini. Jabari (Orion), kuanzia Januari hadi Machi, hupita karibu na utosi, yaani sehemu ya anga iliyo juu kabisa ya kichwa, kwa hiyo unapima anga la juu. Nge (Scorpius) mwezi Julai na Agosti hupanda nyuzi 70 hivi kutoka upeo, nalo ni chaguo zuri sana: umbo lake watoto hulitambua mara moja, na mkia wake una nyota za kila daraja. Salibu (Southern Cross) hupendwa na wengi mwezi Mei, lakini kwa mtu wa Dar es Salaam haipandi zaidi ya nyuzi 37 au 38. Unapoitazama unatazama kusini, kwenye utando wa mwanga wa Mbagala na Temeke. Itumie kama upande wako wa kusini una giza, la sivyo utakuwa umepima mji wa jirani.

Kanuni muhimu kuliko zote kwenye somo hili: kila mtu aandike jibu lake kabla ya kufungua mdomo. Mtu mmoja akisema kwa sauti "mimi naona kama nne hivi," kundi zima litaandika nne, hasa kama aliyesema ni mwalimu au mtu mzima. Wape vikaratasi, waandike, wakusanye, ndipo msome pamoja. Tofauti ya nusu magnitudo hadi moja kati ya watu ni ya kawaida, kwani macho hayalingani na umri una mchango wake. Waeleze kwamba tofauti hiyo ni sehemu ya kipimo na wala haihitaji kusahihishwa. Utafiti wa 2023 ulipata nguvu kwa sababu majibu yalikuwa mengi na kila mtu alitoa lake.

Desemba hadi Februari ongeza zoezi dogo la Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota. Kila mmoja ahesabu nyota anazoziona ndani yake. Ukiona sita bila shida, mahali hapo si pabaya. Ukiona ukungu tu wa mwanga bila kutenganisha nyota, au usione kitu kabisa, andika vilevile.

Kituo

Kituo ni mahali mtakaporudi miaka mingi. Kipewe jina, kiandikwe latitudo na longitudo kutoka kwenye simu, na kipigwe picha mchana kuelekea pande nne ili miti ikikua au ghorofa likijengwa mjue.

Paa la saruji la shule ni zuri kuliko uwanja wake, ilimradi lina ukuta wa kuzuia kuanguka. Uwanja wa mpira kijijini ni bora zaidi. Epuka mahali penye mnazi au mwembe unaoziba anga la juu, na mahali ambapo taa ya barabarani unaiona moja kwa moja. Mkikosa pengine, tafuta kona ambayo ukuta unaizuia taa bila kuziba anga juu ya vichwa vyenu.

Kabla ya usiku wa kwanza, kaongee na mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mtendaji wa kijiji. Kundi la vijana lililosimama gizani na tochi nyekundu, mmoja akielekeza kifaa juu, lina kila sababu ya kutiliwa shaka. Barua yenye mhuri mfukoni mwa kiongozi humaliza maswali mengi. Msipime karibu na kambi ya jeshi, uwanja wa ndege au mitambo ya umeme. Kasome barua hiyo pia kwa wazazi, maana watoto watarudi saa tatu au nne usiku.

Kifaa

Kifaa kinachotumiwa zaidi na wapenda nyota duniani ni Sky Quality Meter, maarufu kama SQM, kinachotengenezwa na Unihedron ya Kanada. Ni kisanduku kinachoenea kiganjani, kinatumia betri ya volti 9 na huonyesha namba kwa maandishi mekundu. Namba hiyo ni magnitudo kwa kila sekunde ya tao ya mraba. Chukua kipande kidogo sana cha anga, ukiulize kina mwanga sawa na nyota ya daraja gani. Namba kubwa ni giza zaidi, ndogo ni mwanga zaidi. Wanafunzi watachanganya jambo hili kwa wiki kadhaa, kwa hiyo libandike kwenye jalada la daftari.

Kuna aina mbili ambazo lazima uzitofautishe. SQM ya kwanza hutazama eneo pana, nyuzi 84 hivi. SQM-L ina lenzi na hutazama nyuzi 20 hivi tu. Mjini chukua SQM-L, kwa sababu ile pana itameza mwanga wa taa na ukuta wa jirani. Vipimo vya aina hizi mbili visichanganywe kwenye jedwali moja bila kuandika kipi kimetoka wapi.

Utaratibu wa kupima ni huu:

1. Toa kifaa nje dakika kumi kabla, kizoee joto la nje. Futa lenzi kwa kitambaa laini kikavu. Vumbi na umande hufanya anga lionekane jeusi kuliko lilivyo.

2. Kishike juu ya kichwa, lenzi ikitazama utosini, mkono ukiwa umenyooka ili kichwa chako kisizibe anga. Nguo nyeupe karibu na lenzi hurudisha mwanga, kwa hiyo kanzu na shati jeupe zikae mbali. Zima hata tochi nyekundu.

3. Bonyeza kitufe, tulia, na subiri namba itokee. Mjini hutoka mara moja. Kwenye giza kali kifaa hukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi, na mkono ukiyumba kitakuwa kimepima mahali pengine.

4. Kipimo cha kwanza kiandikwe, lakini kisihesabiwe. Pima vingine vitano, na kila baada ya kipimo geuza mwili robo duara. Mkigeuka na namba ikaruka, kuna taa inayoingia kwa pembeni, na kituo hicho kinahitaji kusogezwa.

5. Panga vile vitano kwa mfuatano na uchukue cha katikati. Mfano, mkipata 19.21, 19.23, 19.20, 19.22 na 19.22, andikeni 19.22. Vikitofautiana kwa zaidi ya 0.2, kuna wingu linapita au mtu anatikisika. Rudieni.

Mtengenezaji anasema vifaa viwili vinaweza kutofautiana kwa 0.1 hivi. Kama klabu yenu ina viwili, viwekeni kando kwa kando kwenye usiku mmoja safi, pimeni mara kumi kwa kila kimoja, na mwandike tofauti ndani ya jalada. Zoezi hilo lirudiwe kila mwaka.

Namba zinasema nini

Anga lisiloguswa na taa, utosini, hukaribia 22.0. Katikati ya jiji kubwa utapata 17 au 18, na penye taa nyingi sana hata 16. Njia Nyeupe (Milky Way), ule ukanda hafifu wa nyota nyingi, huanza kuonekana vizuri anga likivuka 20, na kuanzia 21.5 hupasuka juu yako kwa mawingu yake na mapengo yake meusi. Aliyewahi kulala kijijini katika giza la mwezi anaijua hali hiyo hata kama hajawahi kusikia namba yake.

Fundisha hesabu ya tofauti, kwa sababu ndiyo inayogusa watu. Kituo chenye 19.5 na kingine chenye 22.0 vinatofautiana kwa magnitudo 2.5, maana yake anga la kwanza lina mwanga mara kumi. Kituo chenye 17.0 kina mara 100 ya 22.0. Mtu asiyejali namba hujali akiambiwa hivyo.

Mkipata 22.3 au 22.5, msishangilie. Tafuteni kwanza tawi lililoziba lenzi, kifuniko, umande au wingu. Mawingu ni somo zima: mjini hurudisha mwanga wa taa na kulifanya anga ling'ae zaidi, lakini mahali pasipo na taa kabisa huzuia nyota na kulifanya jeusi zaidi. Kwa hiyo wingu lilelile hushusha namba mahali pamoja na kuipandisha mahali pengine. Andikeni hali ya mawingu kila mara: hakuna, robo ya anga, nusu, zaidi ya nusu.

Njia Nyeupe nayo hupotosha. Mwezi Julai hadi Septemba, kitovu chake kilicho upande wa Nge hupita juu sana kwetu, na kwenye kituo chenye giza namba itashuka kwa sehemu kadhaa za kumi bila taa hata moja kuongezeka. Dawa ni kulinganisha Agosti na Agosti, Januari na Januari, saa ileile. Mtu akilinganisha Januari na Agosti akatangaza kwamba mji umeharibika, atakuwa amezilaumu nyota.

Daftari, na hatari ya saa za Kiswahili

Ukurasa mmoja kwa usiku mmoja. Uwe na jina la kituo, latitudo na longitudo, tarehe, saa, majina ya waliopima, aina na namba ya kifaa, vipimo vyote sita, mawingu, moshi au ukungu, umeme ulikuwepo au la, na jibu la macho kwa kila mtu. Uandikwe kwa kalamu. Kosa likatwe kwa mstari mmoja ili lililokuwa chini lisomeke.

Kosa linaloharibu vipimo vingi vya watu wetu ni la saa. Mwanafunzi anaandika "saa 2:40 usiku", ambayo kwake ni wazi kabisa. Anayejaza fomu ya Globe at Night anaandika 2:40, na kompyuta inaelewa saa nane na dakika arobaini usiku. Kwa hesabu ya kompyuta, Nge mnayedai kumwona mwezi Agosti ameshazama, na mwezi mliosema hakuna umeshachomoza. Kipimo kizuri kinatupwa. Basi kwenye daftari iandikwe saa ya 24 peke yake: 20:40. Mazungumzo yaendelee kwa saa zetu, lakini kalamu ifuate 24. Mteue mwanafunzi mmoja kila usiku awe mtunza saa, asome kwa sauti "ishirini arobaini," na wengine waandike.

Tarehe nayo ina mtego wake. Kwetu usiku hufuata siku inayokuja, ndiyo maana tunasema usiku wa kuamkia Ijumaa. Fomu inataka tarehe ya kawaida inayobadilika saa sita usiku. Mkipima saa 23:50 ni tarehe ya leo, mkipima 00:10 ni ya kesho. Jina la siku liachwe, tarehe itoshe.

Mazoezi mawili yenye faida kubwa

La kwanza ni safari ya njia moja. Chagueni barabara inayotoka mjini na mpime kwa usiku mmoja, kituo baada ya kituo. Barabara ya Morogoro inafaa: Ubungo, Kimara, Mbezi, Kibamba, Kibaha, Mlandizi hadi Chalinze. Vituo vikaguliwe mchana, na kila kimoja kiwe mita 200 au zaidi ndani kutoka barabarani, kwa sababu ya taa za malori na kwa usalama wenu. Msisimame pembeni mwa lami. Mkifika mwisho, rudini Ubungo mpime tena. Kama namba ya kuanzia na ya kumalizia zinatofautiana sana, anga lenyewe limebadilika katikati ya safari, na jedwali linahitaji maelezo hayo. Chora mchoro wa umbali na giza. Hakuna picha inayoeleza uchafuzi wa mwanga haraka kama mstari ule unaopanda taratibu kadiri mji unavyobaki nyuma.

La pili ni la kukatika kwa umeme. Mitaa yetu hukosa umeme mara kwa mara, na kwa mpima anga huo ni wakati adimu ambao wenzetu wa miji mikubwa ya Ulaya hawaupati kirahisi. Umeme ukikatika usiku usio na mwezi, panda kituoni na upime kila baada ya dakika kumi hadi urudi, kisha pima mara tatu zaidi. Anga ni lilelile, mawingu ni yaleyale, kilichobadilika ni taa tu. Namba ikishuka kutoka 19.6 hadi 18.6 taa ziliporudi, maana yake taa za eneo lile zinachangia karibu asilimia 60 ya mwanga ulioko utosini. Andikeni mtaa gani ulikuwa gizani na upi haukuwa, na kama jenereta ziliwaka. Klabu yenye wanachama katika mitaa tofauti iwe na kundi la simu la kuitana haraka, maana umeme hautoi taarifa.

Walioko ufukweni waangalie pia upande wa bahari. Wakati wa giza la mwezi, karabai na taa za wavuvi wa dagaa zikiwa nyingi hung'arisha upeo. Haziathiri sana utosi, lakini ziandikwe.

Kutuma, na kupeleka kwa wenye taa

Matokeo ya macho na ya SQM hupokelewa na Globe at Night kwa fomu moja. Tumeni kesho yake, wakati kumbukumbu ni mbichi, na mtu wa pili asome kila namba kabla ya kubonyeza. Nakala ibaki kwenu: jedwali la kompyuta kwa mtu mmoja, daftari kwa mwingine, ili simu ikiibiwa kazi isipotee.

Kisha ziko taa zenyewe. Kwa ufukwe wa Kisiwa cha Juani, Mafia, ambako kasa wa kijani hutaga, suala hili ni la uhai. Kasa wachanga wakitoka kwenye mayai huelekea upande wenye mwanga, ambao kwa asili ni bahari, na taa ya nchi kavu huwavuta kinyume hadi wakafa. Kwa shule, msikiti, kanisa au hoteli, ombi lenu liwe dogo na linalotekelezeka: taa ielekezwe chini na ifunikwe juu, iwe ya rangi ya manjano ya joto la Kelvini 3000 au pungufu, na izimwe saa ambazo hakuna mtu. Mzee wa kanisa au imamu husikiliza zaidi akiambiwa kwamba sehemu ya umeme anaolipia inaangaza mbingu zisizouhitaji, hasa mkimwonyesha kwa mkono taa inayotazama juu.

Msiahidi makubwa. Taa moja ikifunikwa, SQM ya utosini haitaona tofauti. Kwa taa moja piga picha kutoka mahali pamoja, kwa mpangilio uleule wa kamera, kabla na baada. SQM itumike kwa mabadiliko makubwa: uwanja wa michezo, mstari wa taa za barabara, hoteli nzima. Pimeni katika giza la mwezi kabla ya mabadiliko, pimeni tena katika giza linalofuata saa ileile, na mpelekeeni mwenye taa namba zote mbili pamoja na ukurasa wa daftari, hata kama tofauti ni 0.1 tu.